Wakikwambia uvimbe ni mkubwa mno, usikate simu kwanza

HEBU tuanze na simu ambayo huenda umewahi kuipokea. Ni jioni, uko ndani ya matatu ya Rongai, umebanwa kati ya mama mwenye mfuko wa sukumawiki na jamaa anayesinzia begani mwako. Simu inalia. Ni nyumbani. Shangazi yako, yule aliyekulipia karo ulipokuwa Kidato cha Tatu, amepatikana na uvimbe. Tena si mdogo. Daktari amesema una upana wa sentimita 12.

Halafu sauti ya upande wa pili inashuka. “Wamesema ni mkubwa mno, hauwezi kukatwa. Wewe ndiye umesoma na unajua mambo ya mtandao. Hebu angalia huko, kuna nini kingine?”

Kuanzia dakika hiyo wewe ndiye daktari wa ukoo. Unanunua bando la usiku. Kufikia saa sita umefungua kurasa hamsini, nusu yake huzielewi. Kwenye WhatsApp ya familia kuna mtu ashatuma video ya majani ya mstafeli, mwingine ametuma namba ya mganga, na binamu yako aliye ng’ambo anauliza kama mmefikiria India. Shangazi mwenyewe hajasema kitu. Ameonyesha tu kwamba ujumbe ameusoma.

Makala haya ni ya usiku huo. Hayatakufanya daktari, lakini yatakueleza kwa nini ukubwa wa uvimbe huwapa madaktari taabu, na kwa nini neno “mkubwa mno” si lazima liwe mwisho wa mazungumzo. Kuna namna ya kutumia mionzi iliyobuniwa kwa ajili ya uvimbe wa aina hiyo hasa, na siri yake itakushangaza: inaacha mapengo makusudi.

Mkubwa ni mkubwa kiasi gani?

Chukua mpira wa ping-pong. Upana wake ni sentimita 4. Sasa chukua balungi lenye upana wa sentimita 12. Ukiambiwa la pili ni kubwa mara tatu, utaitikia kwa kichwa. Lakini hesabu ya vitu vya mviringo haiendi hivyo. Kitu kikipanuka mara tatu, kinachojaa ndani yake kinaongezeka mara 27. Kwa hivyo uvimbe wa shangazi si sawa na vile vya ping-pong vitatu. Ni sawa na 27 vilivyokandwa pamoja. Seli za kuua ni nyingi mara 27.

Hilo ni tatizo la kwanza. La pili liko ndani.

Umewahi kuishi kwenye ploti ya ghorofa saba mtaani Pipeline? Basi unajua maji yanavyokuja. Walio karibu na bomba kubwa wanajaza mitungi mapema. Wa ghorofa za juu na vyumba vya nyuma wanasikia tu mfereji ukikohoa. Uvimbe mkubwa uko vivyo hivyo. Umejengwa haraka bila mpango, mishipa ya damu haitoshi, na seli zilizo mbali na mishipa hukosa hewa ya oksijeni.

Mwaka 1955 watafiti wawili wa Uingereza, R. H. Thomlinson na L. H. Gray, walichunguza uvimbe wa saratani ya mapafu kwa darubini wakaona mpangilio huo waziwazi. Seli zilizo karibu na mshipa wa damu zilikuwa hai na zenye nguvu. Ukisogea mbali kidogo tu, karibu sehemu ya tano ya milimita moja, seli zilikuwa zimekufa. Na katikati ya hao walio hai na waliokufa kulikuwa na kundi la tatu: seli zinazoishi kwa kubanwa, oksijeni kidogo mno, lakini bado hazijafa.

Hilo kundi la tatu ndilo noma. Mionzi inapopiga seli, inategemea sana oksijeni ili jeraha la ndani ya chembe za urithi lisizibike. Seli isiyo na oksijeni huhitaji dozi kubwa zaidi, hata mara mbili na nusu hadi tatu, ndipo ife kama mwenzake aliyeshiba hewa. Yaani seli zilizodhoofika kwa kukosa chakula ndizo ngumu zaidi kuuawa. Ukiacha chache, zinarudi.

Sasa si waongeze tu dozi?

Ni swali la haki, na pengine utalisikia kwenye kikao cha familia. Ili kulijibu, inafaa ujue matibabu ya kawaida yanavyopimwa. Dozi ya mionzi hupimwa kwa kipimo kinachoitwa grei, kutokana na jina la huyohuyo Gray wa mwaka 1955. Mgonjwa wa saratani nyingi zenye uvimbe hupewa grei 2 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki sita au saba. Jumla inafika grei 60 hadi 70. Dozi inakatwakatwa hivyo kwa sababu seli nzuri za mwili hujikarabati vyema zaidi kati ya siku moja na nyingine kuliko za saratani.

Lakini uvimbe haukai peke yake kama gunia sebuleni. Umegusana na utumbo, au pafu, au uti wa mgongo, au mshipa mkubwa wa damu. Kadiri unavyokuwa mpana, ndivyo mionzi inavyolazimika kupitia sehemu kubwa zaidi ya mwili mzima ili kuufunika wote. Ukipandisha dozi kwa uvimbe wote wa sentimita 12, majirani hao wataungua pamoja nao. Ngozi inaweza kutoka kidonda kisichopona, utumbo ukatoboka, au mgonjwa akapooza. Mashine haibagui jirani mwema na mbaya. Inafuata tu ramani iliyochorewa.

Ndiyo sababu daktari huyo alisema “mkubwa mno”. Hakuwa mvivu. Alikuwa amebanwa kati ya dozi isiyotosha na dozi isiyovumilika.

Mzee wa wavu

Turudi nyuma kidogo, hadi Ujerumani. Mwaka 1895 Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale ya eksirei. Muda si muda madaktari wakaanza kuitumia kutibu uvimbe. Mashine za wakati huo zilikuwa dhaifu. Nguvu nyingi ya miale iliishia kwenye ngozi kabla ya kufika ndani. Ukitaka kufikia uvimbe ulio chini, ulikuwa unamchoma mgonjwa ngozi kwanza.

Mwaka 1909 daktari mmoja wa Wiesbaden, Alban Köhler, alikuja na wazo ambalo ukilisikia unaweza kudhani ni la jua kali wa Gikomba. Alichukua wavu wa nyaya za chuma akaubana juu ya ngozi ya mgonjwa, kisha akapiga miale kupitia matundu yake. Dozi ikawa kubwa sana mahali penye tundu, na ndogo sana chini ya waya. Ngozi iliungua, ndiyo, lakini kwa vidoadoa tu. Kati ya doa na doa kulibaki ngozi nzima, nayo ndiyo iliyoota na kuziba vidonda. Hapo akaweza kupeleka ndani dozi ambayo ngozi ikipigwa yote isingeistahimili.

Fikiria shamba lililoungua lote na shamba lililoungua viraka. La pili huota nyasi upesi kwa sababu mbegu ziko jirani.

Baadaye zilikuja mashine zenye nguvu, za kobalti na kisha zile ambazo madaktari huziita linaki, ambazo zinapeleka nguvu yake ndani bila kuichoma ngozi sana. Wavu wa Köhler ukasahaulika. Hakuna aliyeuhitaji tena, au ndivyo walivyodhani.

Wavu warudi

Tatizo la uvimbe mkubwa halikuondoka. Mwaka 1990 daktari Mohammed Mohiuddin na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuujaribu upya wavu ule, safari hii kwa mashine za kisasa. Mbinu hiyo inaitwa GRID. Badala ya nyaya za chuma, walitumia kizuizi kizito cha metali chenye matundu yaliyopangwa kwa safu, kikiwekwa kwenye mdomo wa mashine. Miale inatoka imegawanyika kama mishikaki mingi inayochoma uvimbe kwa sambamba. Katikati ya mshikaki na mshikaki, dozi ni ndogo.

Mnamo 1999 kikundi hicho kiliripoti kuhusu wagonjwa 71 wenye uvimbe wa zaidi ya sentimita 8. Wengi walikuwa wamefika mahali ambapo matibabu ya kawaida hayakuwa na la kuwapa. Mara nyingi walipewa dozi moja kubwa ya wavu, kama grei 15 kwa mpigo, na baadhi wakaongezewa mionzi ya kawaida baadaye. Kwa waliokuwa na maumivu, asilimia 78 walipata nafuu.

Soma tena sentensi hiyo. Haikusema walipona. Ilisema walipata nafuu ya maumivu. Kwa mtu ambaye halali kwa sababu uvimbe unabana neva, kulala usiku mmoja mzima si jambo dogo. Lakini nafuu na kupona ni maneno mawili, na wewe uliyepewa kazi ya kuieleza familia usiyachanganye.

Keki yenye zabibu

Mishikaki ina kasoro moja: inaingilia upande mmoja na kutokea wa pili. Chochote kilicho njiani, hata kisicho cha uvimbe, kinachomwa. Mwaka 2010 Xiaodong Wu na wenzake wakaeleza hatua iliyofuata, inayoitwa Lattice.

Piga picha ya keki yenye zabibu kavu. Keki ni uvimbe. Zabibu ni vitone vya dozi kali sana, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita moja au moja na nusu, vimetawanywa ndani kwa nafasi za sentimita kadhaa. Kompyuta inapanga miale ije kutoka pande nyingi, ikutane kwenye zabibu tu. Pembeni mwa keki, mahali inapogusana na utumbo au uti wa mgongo, hapawekwi zabibu. Kwa hivyo moto mkali unabaki ndani ya uvimbe, na majirani wanapata joto la kawaida.

Katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, mbinu hii ilijaribiwa kwa wagonjwa 20 waliokuwa na jumla ya uvimbe 22, kila mmoja ukiwa wa sentimita 4.5 au zaidi. Matokeo yalichapishwa 2022. Matibabu yalikuwa ya vipindi vitano tu badala ya wiki saba. Uvimbe wote ulipewa grei 20, lakini ndani ya zabibu dozi ilipanda hadi grei 66.7. Lengo la jaribio lilikuwa kwanza kuona kama ni salama, na madhara makali yalikuwa machache.

Utauliza: na zile seli za kwenye mapengo, mbona zisiendelee kukua? Hapo ndipo wanasayansi bado wanabishana, na mabishano yenyewe ni matamu. Seli zinazokufa kwenye vitone hutoa kemikali zinazowadhuru majirani ambao hata hawakupigwa. Dozi kubwa pia huharibu mishipa midogo ya damu inayoulisha uvimbe. Na kuna kinga ya mwili: damu inayoendelea kupita kwenye mapengo huleta askari wa kinga mpaka mlangoni, nao wanakuta mabaki ya seli za saratani yamezagaa, wanajifunza kuzitambua. Tangu 1953, daktari R. H. Mole alipolipa jina jambo hilo, madaktari wameona mara chache sana mgonjwa akipigwa mionzi mahali pamoja na uvimbe wa mahali pengine ukasinyaa. Ni nadra. Ukiona mtu anakuahidi hilo kwenye mtandao, funga ukurasa.

Majaribio makubwa ya kulinganisha mbinu hizi na zile za kawaida bado yanaendelea. Kwa sasa hutumika zaidi kupunguza maumivu, kuzuia damu, kusinyaza uvimbe ili upasuaji uwezekane, au kama kifungua njia kabla ya mionzi ya kawaida. Hazifai kila saratani. Saratani ya damu, kwa mfano, haina donge la kulenga.

Na huku kwetu?

Mwaka 2020 Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 42,000 na vifo zaidi ya 27,000. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeenea au uvimbe umeshakuwa balungi. Si kwa sababu ya ujinga. Ni nauli, ni kliniki iliyompa Panadol mara tatu, ni kuogopa neno lenyewe, ni mama anayesema kwanza watoto wamalize muhula.

Kwa miongo mingi mashine za mionzi za umma zilikuwa Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, na foleni ilikuwa ya miezi. Siku hizi kuna pia hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na vituo vya Nakuru, Mombasa na Garissa viliwekwa ili watu wasilazimike wote kuja jijini. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina hata CyberKnife, mashine yenye mkono wa roboti. Lakini elewa hivi: mashine ya usahihi wa aina hiyo kwa kawaida hung’ara zaidi kwa uvimbe mdogo. Usimkimbize shangazi huko kwa sababu tu jina linatisha. Kifaa kinafuata ugonjwa.

Na usisahau kilichotokea kwa jirani. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda, ile ya kobalti pale Mulago iliyokuwa ikitumika tangu miaka ya 1990, iliharibika kabisa. Nchi nzima ikabaki bila. Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo, lakini waliohitaji walikuwa maelfu. Mashine mpya ilianza kazi Kampala mapema 2018. Fikiria ni vivimbe vingapi vya ping-pong viligeuka mabalungi katika muda huo.

Ndiyo maana hadithi ya wavu inafaa kusikika huku. Lattice inahitaji linaki nzuri, skani safi, na mtaalamu wa fizikia ya tiba aliyekaa chini kwa saa nyingi kupanga zabibu. Lakini GRID ya msingi ni kipande cha metali chenye matundu kwenye mashine ambayo tayari ipo. Kinachogharimu zaidi ni watu: wenye ujuzi wa kupima na kuhakiki, kwa sababu ukikosea grei 15 kwa mpigo mmoja, hakuna kesho ya kurekebisha.

Maswali ya kubeba

Ukienda kliniki na shangazi, beba daftari. Uliza haya, kwa heshima, bila kumwonyesha daktari video za simu yako.

Moja: je, bayopsi imefanywa, na ni saratani ya aina gani? Bila jibu hilo, kila kitu kingine ni kubahatisha.

Mbili: “mkubwa mno” maana yake ni mkubwa kwa kukatwa, au mkubwa kwa mionzi pia? Mara nyingi ni la kwanza tu, na hakuna aliyewapeleka kwa daktari wa mionzi.

Tatu: lengo ni kuponya, kusinyaza ili upasuaji ufanyike, au kupunguza maumivu? Lolote kati ya hayo ni lengo halali. Shangazi ana haki ya kulijua.

Nne: kesi yake imejadiliwa na daktari wa upasuaji, wa dawa na wa mionzi wakiwa pamoja?

Tano: kuna kituo kinachotumia GRID au Lattice kwa uvimbe kama huu, na je, yeye anafaa? Jibu likiwa hapana, uliza kwa nini, uandike.

Sita: SHA italipia nini, na nini kitatoka mfukoni? Uliza kabla ya matibabu kuanza. Mionzi ikikatizwa katikati kwa sababu ya pesa, seli zilizobaki hazisubiri mchango.

Na wewe je?

Umesoma hadi hapa ukifikiri ni mambo ya watu wazima. Lakini kuna saratani ya mfupa, osteosakoma, ambayo huwapata zaidi vijana, mara nyingi karibu na goti. Huanza kama uchungu unaodhaniwa ni wa mpira. Unapakwa dawa ya kuchua, unafungwa bandeji, kocha anasema utapoa. Uvimbe usioisha baada ya wiki chache, hasa unaouma usiku, upigwe picha. Vilevile kijana ukihisi donge kwenye korodani au titi, usilifanye siri ya bafuni. Picha ya eksirei haigharimu kama simu unayoipanga kununua.

Sayansi ya kutibu balungi inasonga, tena kwa kasi. Lakini hakuna daktari hata mmoja wa GRID au Lattice ambaye hangependa kukutana na shangazi yako wakati uvimbe ungali ping-pong.

Kwa hivyo usiku huo, bando likikaribia kuisha, funga zile kurasa hamsini. Waambie wa kwenye kundi la WhatsApp wapumzike kidogo na mstafeli. Kisha mpigie shangazi mwenyewe, si kuhusu sentimita, bali kumuuliza amelala vipi, anaumwa wapi, na kama angetaka uandamane naye Jumatatu.